Ngumi ya Orest Malanchuk

"Mzee yuko wapi, mama?"

"Amelala," Verna Malanchuk alisema, akaendelea kukata unga uliokandwa kwa mdomo wa gilasi.

Sajini Delphine Cardinal alivua glavu zake, akaziweka mfukoni. Jikoni mlinukia vitunguu vilivyokaangwa kwa siagi. Mezani palikuwa na kitambaa, na juu yake viduara vya unga vimepangwa safu kwa safu, vikisubiri kujazwa viazi na jibini. Verna alikuwa mwanamke mwembamba mwenye nywele nyeupe zilizofungwa kisogoni. Hakuwa amewakaribisha viti.

Konstebo Wendell Friesen alibaki karibu na mlango, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja msibani. Alikuwa amezaliwa hapahapa Brekken, miaka yake ya kustaafu ilikuwa imekaribia, na perogi za mama huyu, hivyo viduara vya unga vya kujazwa viazi, alianza kuzila kabla hajaota meno ya pili. Sajini Cardinal alikuwa mgeni. Huu ulikuwa msimu wake wa kwanza wa baridi katika mji huo mdogo wa Kanada.

"Tuanze upya," Cardinal alisema. "Ulikuwa unapita nyuma ya uwanja wa barafu."

"Nilikuwa narudisha sahani za kanisa."

"Kwa nyuma?"

"Mbele panateleza."

"Ukamkuta Garnet Sorenson amelala kwenye theluji, kichwa kinavuja damu."

"Ndiyo. Nikapiga simu ya ambulensi. Nimeshamwambia Wendell yote haya."

"Alikuwa peke yake?"

"Peke yake."

"Na koti?"

Gilasi ilisimama juu ya unga. "Koti gani?"

"Garnet alikuwa amevaa jaketi lake la bluu, lile la meneja wa uwanja. Lakini juu yake alikuwa amefunikwa koti jingine, la kahawia. Kubwa. Wendell hapa akilivaa litamfika magotini." Cardinal aligeuka akatazama ukuta wa kando ya mlango. "Naona ndoano tatu. Moja ina koti lako. Moja ina skafu ya mwanamume. Moja haina kitu. Chini kuna mabuti makubwa yaliyolowa, na glavu za mzee ziko kwenye hita zinakauka. Mama, huyo mtu aliyelala ametoka nje leo bila koti, au ametoka nalo akarudi bila?"

"Wendell," Verna alisema bila kumtazama sajini, "mwambie bosi wako nina kazi."

"Mama Verna, mjibu tu," Friesen alisema kwa sauti ya chini. "Mjibu, tuondoke."

Ubao wa sakafu ulilia kwenye ukumbi mdogo. Mwanamume alisimama katika mlango wa jikoni, akainamisha kichwa kidogo kama walivyozoea kufanya watu warefu. Pua yake ilikuwa imepinda upande mmoja, na nyusi zake zilikuwa zimekatwa na makovu meupe. Alikuwa na soksi miguuni. Mikono ya shati lake ilikuwa na damu iliyokauka.

"Verna, usiwadanganye watoto wa watu," Orest Malanchuk alisema. "Ni mimi. Nimemuua."

"Orest, nyamaza!"

"Garnet hajafa, mzee," Cardinal alisema. "Wamempeleka hospitali Saskatoon. Hajapata fahamu, lakini anapumua."

Orest alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikia uongo wa huruma. Alivuta kiti, akakaa.

Cardinal naye akakaa, kwa mara ya kwanza tangu aingie. Akamwambia kwamba ana haki ya kunyamaza, ana haki ya wakili, na kwamba lolote atakalosema linaweza kutumika mahakamani.

"Wakili wa nini? Nimeshasema."

"Basi nieleze. Pole pole, hatua kwa hatua."

Orest aliinua mkono wa kushoto, akashika kola ya shati lake mwenyewe. "Nilimkamata hapa. Nikamvuta. Wa kulia ukawa huru. Ya kwanza ikapita hewani. Ya pili ikampata hapa." Akagusa chini ya sikio lake la kushoto. "Nilihisi. Mtu ukimpata sawasawa mkono wenyewe unakwambia. Akaenda chali. Kofia ikamtoka, ikaanguka chini, ikadunda."

"Ikadunda?"

"Mara mbili. Halafu ikazunguka pale chini, ikazunguka. Na sikioni damu ikaanza kutoka."

Verna alikuwa ameketi sasa, mikono yenye unga imefunika macho.

"Kulikuwa na mtu mwingine?" Cardinal aliuliza.

"Watu wote walikuwepo. Walisimama."

"Walisema nini?"

"Walishangilia," Orest alisema.

Friesen alikohoa, akatazama dirishani.

"Naomba nione mikono yako, mzee."

Aliilaza mezani kati ya viduara vya unga. Vifundo vilikuwa vinene, vimejaa mafundo kama mizizi, na kidole kidogo cha kulia kilikuwa kimeungana vibaya baada ya kuvunjika zamani. Cardinal aliigeuza, viganja juu, kisha chini. Hapakuwa na ngozi iliyochanika upya wala uvimbe. Akatazama pindo za shati. Damu ilikuwa imeshika upande wa ndani wa mikono, kuanzia kwenye kiwiko kushuka, na nyingine ilikuwa kwenye mapaja ya suruali.

"Anachanganya mambo, afande," Verna alisema. "Huu mwaka wa pili sasa. Kuna siku ananiita jina la dada yake. Daktari anasema ni zile ngumi alizokula kichwani, zinakuja kudai sasa."

"Lakini leo alikuwa nyuma ya uwanja."

Verna alikung'uta unga mikononi. "Alikuwa pale. Niliona amechelewa, nikatoka kumtafuta. Nikamkuta amekaa kwenye theluji na Garnet mapajani. Akaniambia hivyo hivyo alivyokwambia wewe. Ningefanya nini? Nikamrudisha nyumbani kwa nguvu, nikapiga simu."

"Ukasahau koti."

"Koti alikataa nisimvue Garnet. Alisema atapata baridi."

Cardinal alisimama. "Asitoke hapa ndani. Na hilo shati mvue, Wendell ataliweka kwenye mfuko."

*

Ndani ya gari Friesen hakuwasha injini.

"Unajua huyu ni nani?" aliuliza.

"Niambie."

"Misimu kumi na moja kwenye ligi kuu ya hoki ya barafuni. Mji huu haujawahi kutoa mwingine, si kabla yake wala baada yake. Mabao yake unaweza kuyahesabu kwa vidole, na vingine vikabaki. Hakuwekwa pale afunge. Mtu akimwumiza mchezaji mwenzake, kocha anamgusa Orest bega, Orest anaingia barafuni, anatupa glavu. Kazi yake ndiyo hiyo. Walimwita Nyundo. Nilikuwa na jezi yake mimi. Mama alinizuia kulala nayo."

"Na Jumamosi uwanja unapewa jina lake."

"Ndiyo. Na leo asubuhi pale kantini ya uwanja, watu wote wanakunywa kahawa, Orest anamwambia Garnet, 'Shusha ile picha kabla sijakushusha wewe.' Garnet anacheka. Anamwambia, 'Ile picha ndiyo jina lako, Nyundo. Ukiishusha tutaandika nini mlangoni?' Orest akapiga meza, vikombe vikamwagika, akatoka." Friesen alipangusa kioo kwa mkono. "Nimeomba usiku na mchana kesi kama hii isinikute kabla sijaondoka kazini. Lakini imenikuta, afande. Kuna ugomvi, kuna koti, kuna damu, na mwenyewe amekiri. Unataka nini tena?"

"Nataka kujua kofia ya Garnet ilikuwa ya namna gani."

"Ya sufu. Ya njano, ya timu. Kila mtu hapa anayo."

"Kofia ya sufu haidundi, Wendell."

Friesen aligeuka akamtazama.

Simu ya Cardinal ikalia. Alikuwa daktari kutoka Saskatoon, mwanamke mwenye haraka. Cardinal alimsikiliza, akauliza maswali mawili, akashukuru.

"Jeraha liko utosini," alimwambia Friesen. "Karibu na katikati. Na mfupa wa bega la kulia umevunjika, kwa pigo hilohilo, daktari anadhani. Usoni hana hata mkwaruzo. Masikioni hakuna damu."

"Orest ni mrefu. Garnet ni mfupi. Anaweza kumpiga kutoka juu."

"Kwa ngumi? Utosini, na bega hapohapo?"

"Kwa koleo la theluji basi," Friesen alisema. "Lile tuliloliona limeegemezwa ukutani. Lina doa jekundu, nimeliona kwa macho yangu."

"Twende tukalione tena."

*

Uwanja wa barafu wa Brekken ulikuwa jengo refu la bati lililojengwa na wakulima wenyewe kabla Friesen hajazaliwa. Siku iliyotangulia baridi ilikuwa inakata masikio. Tangu alfajiri ulikuwa umeingia upepo wa joto wa magharibi, na sasa maji yalitiririka kwenye mifereji na barabara ilikuwa tope jeusi.

Waliingia kwa mlango wa mbele. Mazoezi yote yalikuwa yamefutwa, na barafu ilikuwa tupu chini ya taa. Picha ilikuwa ukutani kwenye ukumbi wa kuingilia, ndani ya kioo, kubwa kama mlango. Cardinal alikuwa ameipita mara nyingi bila kusimama. Safari hii alisimama.

Orest Malanchuk, kijana, hana glavu. Mkono wa kushoto umekamata jezi ya mtu wa timu nyingine shingoni. Mkono wa kulia umeshamaliza kazi yake na bado umenyooka. Yule mwingine anaanguka chali, macho yamefumbwa, na kofia yake ngumu iko hewani, juu ya mabega yao. Nyuma ya kioo cha uwanja watu wamesimama, midomo wazi, mikono juu. Chini ya picha palikuwa na kibao cha shaba chenye neno moja, NYUNDO.

"Huyu anayeanguka ni nani?"

"Bellerose," Friesen alisema. "Lucien Bellerose. Mfaransa wa Quebec. Hakucheza tena baada ya hapo, nasikia."

"Unasikia wapi?"

"Ndivyo watu wanavyosema."

Cardinal aliisogelea picha. "Mkono wa kushoto kwenye kola. Wa kulia huru. Chini ya sikio la kushoto. Watu wamesimama, wanashangilia. Na hiyo kofia, Wendell, ilipofika chini ilifanya nini?"

Friesen alisogea karibu naye. Alikuwa anaitazama picha kama mtu aliyeonyeshwa nyumba yake mwenyewe kwa upande wa nyuma.

"Ninayo kanda yake nyumbani," alisema mwishowe. "Nimeiangalia tangu utoto. Inadunda mara mbili. Halafu inazunguka, inazunguka, mpaka refa anaizuia kwa mguu."

"Basi hakutuambia habari za leo."

"Hapana." Friesen alipangusa paji la uso. "Ametuambia hii."

"Mpaka damu ya sikioni. Alimkuta mtu amelala chini, kichwa kina damu, na siku mbili zikaingiliana kichwani mwake. Shati lake lilinipa shaka palepale jikoni. Anayepiga ngumi damu inamrukia kifuani na kwenye vifundo. Yeye ilimshika upande wa ndani wa mikono na mapajani. Hiyo ni damu ya mtu aliyepakata kichwa cha mwenzake."

"Mungu wangu. Na mimi nilikuwa namfunga."

"Ulikuwa unafuata ushahidi. Sasa tuufuate mpaka mwisho. Kama si Orest, nani?"

Nyuma ya jengo palikuwa na mlango mpana wa kutolea mashine ya kulainisha barafu. Mashine hiyo ilipomaliza kazi ilimwaga nje unga wa barafu iliyokwanguliwa, na rundo lake lilikuwa limepanda kuwa kilima. Mahali alipolala Garnet palikuwa kati ya mlango na kilima hicho. Watu wa ambulensi walikuwa wamekanyaga kila kitu.

Friesen alilikimbilia koleo kwanza. Alikwangua lile doa jekundu kwa ukucha, akalinusa, akalirudisha ukutani kwa hasira.

"Rangi," alisema. "Ile ya kuchorea mstari wa katikati."

Cardinal alikuwa amechuchumaa penye damu. Alichota barafu kwa mkono, akaiacha imwagike vidoleni. Ilikuwa laini, nyeupe, kama chumvi. Akasogea hatua moja, akachota tena. Hii haikumwagika. Ilikuwa vipande vizito vya kijivu, vingine vya ukubwa wa tofali, vimetawanyika juu ya ule unga mweupe.

"Hii haikutoka kwenye mashine," alisema.

Aligeuza kipande kimoja. Upande wa juu ulikuwa na mabonde kama sifongo, umeliwa na jua. Upande wa chini ulikuwa laini kama kioo, na ulikuwa na matuta yaliyonyooka, moja baada ya jingine, yenye nafasi sawasawa.

Friesen alitazama kile kipande. Kisha wote wawili wakainua macho.

Paa la bati lenye matuta yaleyale lilikuwa limebeba barafu nene ya majira yote ya baridi. Juu ya mlango, upana wa gari zima, bati lilikuwa tupu, linang'aa, maji yakidondoka kutoka ukingoni. Pande zote mbili barafu ilikuwa bado imening'inia.

"Rudi nyuma," Cardinal alisema. "Rudi nyuma, Wendell!"

Walirudi mpaka ukutani kwa jirani. Waliokota ubao mrefu wa uzio, wakavivuta vile vipande kimoja kimoja kutoka mbali, kama watu wanaotoa viazi kwenye moto. Cardinal alivichunguza vyote. Kile alichokitafuta kilikuwa kikubwa kuliko vingine, chenye kona kali. Kwenye kona hiyo damu ilikuwa imeganda ndani ya barafu, na ndani ya damu kulikuwa na nyuzi za sufu. Za njano.

Friesen alikishika kwa mikono miwili. Maji yalikuwa yanamtiririka kwenye mikono ya jaketi.

"Kinayeyuka," alisema kwa woga. "Afande, ushahidi unayeyuka!"

"Kuna friza kantini?"

Walikiweka kwenye friza ya kantini, kati ya mifuko ya chipsi, wakaifunga kwa utepe wa polisi. Friesen aliandika kwa kalamu nene juu ya kifuniko: USIFUNGUE. Akafikiri kidogo, akaongeza: HATA WEWE, GARNET.

*

Asubuhi yake Garnet Sorenson alifumbua macho. Cardinal alizungumza naye kwa simu, muuguzi akiwa amemshikia. Sauti yake ilikuwa nzito kwa dawa.

"Nilitoka nivute sigara," Garnet alisema. "Nikasikia bati linanguruma juu yangu. Nikafikiri ni lori. Basi."

"Orest alikuwepo?"

"Orest? Hapana. Sikumwona mtu."

"Yeye ndiye aliyekukuta. Alikuvulia koti lake, akakaa na kichwa chako mapajani mpaka mkewe akaja. Daktari anasema ungepoa zaidi ya pale tungekuwa tunazungumza mengine leo."

Garnet alikohoa, muuguzi akamsogezea simu.

"Garnet, ile picha. Kwa nini hukutaka kuishusha alipokuomba?"

"Mji wote unaipenda ile picha," Garnet alisema, na baada ya hapo akasema amechoka.

Faili lilifungwa kabla ya chakula cha mchana: ajali. Friesen alilisaini, akavaa jaketi. Cardinal alikuwa bado mezani kwake na simu sikioni. Alipiga ofisi ya chama cha wachezaji wastaafu, kule wakampa namba ya Quebec, na Quebec ikaita muda mrefu kabla haijapokewa. Alizungumza kwa sauti ya chini. Mara moja alicheka.

"Hiyo nayo ni ya kesi gani?" Friesen aliuliza alipokata simu.

"Si ya kesi. Twende kwa Malanchuk."

*

Orest alikuwa amekaa jikoni na shati safi, chai imepoa mbele yake. Cardinal alimweleza kila kitu kwa utaratibu: barafu ya paa, bega, nyuzi za sufu, maneno ya Garnet mwenyewe. Verna alishika ukingo wa sinki na kumshukuru Mungu kwa lugha ya wazazi wake.

"Umesikia, Orest? Hukumgusa. Ulimsaidia."

"Nilimpiga," Orest alisema.

"Hukumpiga, mzee," Friesen alisema. "Barafu ndiyo iliyomwangukia."

"Wendell, nilikuwepo. Ulikuwepo wewe? Nilimpiga, nikamwona amelala."

Verna alimtazama sajini kwa macho yaliyochoka. "Unaona? Majira mawili ya baridi sasa. Anaamka, anakaa kitandani, ananiambia amemuua mtu. Namuuliza nani, hajui. Nilikuwa najiambia ni ndoto tu. Jana nilipomkuta na Garnet pale nikasema, basi, leo imekuwa kweli. Ndiyo maana nilikudanganya."

"Najua," Cardinal alisema. "Mzee Orest, ngumi unayoizungumzia uliipiga kweli. Lakini siku nyingine, na kwa mtu mwingine. Nimeongea naye asubuhi hii. Anasubiri."

Alibonyeza namba, akaweka simu mezani, sauti ikiwa wazi. Iliita. Kisha jikoni ikajaa mlio wa ng'ombe na sauti ya mwanamume aliyekuwa akipiga kelele kwa Kifaransa, mlango ukafungwa, na ng'ombe wakapungua.

"Haya, haya, nipo! Nyundo uko hapo?"

Orest aliitazama simu. "Nani huyo?"

"Bellerose. Lucien."

Uso wa Orest haukubadilika, lakini mkono wake ulishuka kutoka mezani, ukashika kiti.

"Wewe umekufa," alisema.

"Mke wangu naye ananiambia hivyo nikichelewa kwenda kukamua. Sijafa. Nimenenepa."

"Nilikupiga."

"Ulinipiga, ndiyo. Unafikiri nimesahau? Ngumi safi kabisa. Na mimi nilikuwa nimemvunja mwenzenu goti dakika ile ile, kwa hiyo tusianze kuhesabiana."

"Sikio lako."

"La kushoto limekufa. La kulia nakusikia vizuri sana. Ng'ombe wakipiga kelele nalalia la kulia, dunia yote kimya. Jirani zangu wananionea wivu."

Verna alicheka, na palepale akaanza kulia. Friesen alimsogezea kiti.

"Hukucheza tena," Orest alisema.

"Nani kasema? Nilicheza misimu miwili mingine! Tulikuja hata kwenye uwanja wenu, wewe ukiwa na mkono kwenye plasta. Ulikaa juu kwa waandishi wa habari. Sikuja kukusalimu. Nilikuwa bado na hasira."

Orest alikuwa anainamia simu sasa, taratibu, kama mtu anayesogea karibu na moto. Midomo yake ilitembea kabla sauti haijatoka.

"Walinitoa nje," alisema. "Refa alinishika mkono akanitoa, wakanifungia chumbani. Watu walikuwa wanapiga kelele. Mimi sikuona. Sikukuona ukiinuka."

Bellerose alipozungumza tena mzaha ulikuwa umemtoka.

"Niliinuka, Orest. Walileta machela, nikakaa juu yake, nikawaambia wanishushe. Nilitoka kwa miguu yangu."

"Kwa miguu yako."

"Huyu upande huu, huyu upande huu, lakini kwa miguu yangu."

"Niambie tena."

Cardinal alisimama, akamwashiria Friesen. Waliiacha simu pale mezani, wakatoka kimya, wakavaa kofia zao barazani. Upepo ulikuwa umekatika na baridi ilikuwa inarudi; tope la barabarani lilishaanza kuwa gumu. Friesen aliwasha gari, wakakaa ndani bila kwenda popote. Kupitia dirisha la jikoni walimwona Orest anaeleza jambo kwa mikono yote miwili, na mtu aliyekuwa anaelezwa hakuwepo.

Ilichukua muda mrefu. Mwishowe Verna alitoka na simu mkononi, koti amelitupia mabegani. Cardinal akashusha kioo.

"Orest anamwomba ampigie tena kesho," Verna alisema. "Nikachukua simu, nikamwambia yule bwana ukweli. Nikamwambia, kesho huyu atakuwa amesahau yote. Itabidi uanze mwanzo."

"Akasemaje?"

Verna alipangusa pua kwa kiganja.

"Akauliza saa ngapi huwa tunamaliza kula."